MECHI NISIZOZISAHAU: KUTOKA MNAZI MMOJA HADI MACHAKOS

Mhariri wa gazeti letu la mkutano wa wanafunzi wa zamani ameniomba niwaandikie wasomaji habari za mechi ambazo mimi, mpenzi wa mpira kwa zaidi ya miaka hamsini, sitazisahau maishani. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, lakini nimejiwekea masharti mawili. Kwanza, sitaisimulia kwa urefu ila mechi niliyoiona kwa macho yangu, au niliyoifuata redioni au kwenye televisheni pamoja na watu wa mji huu siku ile ile ilipochezwa. Pili, sitachagua mechi kwa wingi wa mabao. Nimeona mechi za mabao sita ambazo leo hata wafungaji wake siwakumbuki. Mechi ya kukumbukwa, kwa mizani yangu, ni ile iliyoacha alama mjini: watu waliokuwa hawasemezani wakasemezana, au waliokuwa wakisemezana wakanuniana wiki nzima.

ASILI YA MPIRA KWETU

Kabla ya mechi zenyewe, ni haki kwa vijana waliomo madarasani hivi sasa kujua kwamba mpira haukuja kwetu kutoka Dar es Salaam wala Nairobi. Katika karne ya 19, mpira ulikwishachezwa na wanafunzi wa skuli ya wamisionari ya Kiungani, kusini ya mji, ambao wengi wao walikuwa watoto waliookolewa katika biashara ya utumwa. Walicheza wenyewe kwa wenyewe, na walicheza na mabaharia wa manowari za Kiingereza na watumishi wa simu ya chini ya bahari. Waliosomea ualimu hapo Kiungani wakaenda na mchezo huo Bara. Basi mtu akikwambia kwamba Unguja ni wanafunzi wa Bara katika mpira, mjibu kwa adabu kwamba somo hilo lilipanda jahazi kutoka hapa kwenda kule.

Kiwanja kikubwa cha wazee wetu kilikuwa Mnazi Mmoja, pale mpakani baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mahali penyewe pana maana yake. Jioni ya mechi mtu wa Malindi, wa Kikwajuni, wa Kisiwandui na wa Vikokotoni walisimama kwenye mstari mmoja wa chokaa, tajiri na hamali, mwenye viatu na asiye navyo. Klabu zilikuwa za mitaa, na mpaka leo jina la Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1942, mzee hulitaja kama anayetaja ukoo wake.

Mwaka 1926 yalianza mashindano ya Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni ya Uingereza. Mwanzo zilicheza Kenya na Uganda tu. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Zanzibar mwaka 1949. Kuanzia hapo tukawa nchi nne, nasi ndio tuliokuwa wadogo kuliko wote. Mwaka 1967 mashindano hayo yakabadilishwa jina na kuitwa Kombe la Challenge, na kuanzia mwaka 1973 yakawa chini ya CECAFA. Katika miaka yote ya Gossage, Zanzibar haikulichukua kombe hilo hata mara moja. Liwekeni jambo hilo akilini, maana tutalirudia.

1975: WATANI WANAVUKA BAHARI

Kiwanja cha Amani kilijengwa kwa msaada wa Wachina na kufunguliwa mwaka 1970. Kwetu sisi vijana kilikuwa ajabu: majukwaa ya saruji na majani yaliyokatwa sawasawa. Miaka mitano baadaye, mwaka 1975, kiwanja hicho kikapewa mashindano ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati, yaliyokuwa yameanza mwaka mmoja kabla na kuchukuliwa na Simba. Mungu akajaalia fainali iwe baina ya Simba na Yanga.

Wakati huo nilikuwa Fomu Tatu. Nyumba yetu Mkunazini ilikuwa imegawika: marehemu baba alikuwa Yanga wa damu, na ami yangu, tuliyekuwa tukiishi naye nyumba moja, alikuwa Simba tangu ilipokuwa ikiitwa Sunderland. Wiki ile ya fainali mama alipiga marufuku maneno ya mpira kwenye sinia. Siku yenyewe tuliondoka nyumbani pamoja, baba mbele, ami nyuma, mimi katikati kama mpaka. Tulipita Darajani, tukapita Michenzani, ambako majumba makubwa yalikuwa bado yakijengwa, na kila tukisogea, njia ilizidi kujaa watu. Walikuwamo waliotoka Makunduchi na Nungwi na walioshuka kwenye boti kutoka Dar es Salaam.

Yanga walishinda mbili bila. Mimi nilikuwa sijaamua nimfuate baba au ami, na kwa hivyo nilitazama mpira wenyewe. Nikaona jambo ambalo redio haikuwahi kunionesha: jinsi mchezaji asiye na mpira anavyokimbia kutafuta nafasi. Tangu siku ile sijawahi tena kutazama mpira kwa kufuata gozi peke yake.

Tuliporudi nyumbani, ami hakula chakula cha usiku. Asubuhi baba alimpelekea chai chumbani kwake mwenyewe kwa mkono wake, bila ya kusema neno la kejeli. Wakanywa wote wawili kimya. Mimi nilijifunza utani wa jadi kwa namna hiyo: kushangilia kuna saa zake, na udugu hauna saa.

1979: MWAKA WA REDIO

Mwaka uliofuata, 1976, Amani ilipokea Kombe la Challenge, na Uganda wakaifunga Zambia mbili bila katika fainali. Ilikuwa mechi nzuri, lakini haikunigusa moyo. Iliyonigusa zaidi sikuiona hata kidogo.

Mwaka 1979 ulikuwa mwaka wa vita vya Kagera. Nilikuwa nimeshamaliza skuli na nimeanza kazi bandarini. Karibu kila mtaa ulikuwa na kijana aliyekuwa vitani, na redio ndiyo iliyokuwa roho ya kila baraza. Redio hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea mechi mbili ambazo mpaka leo wazee wakizitaja huweka kikombe chini.

Ya kwanza ilikuwa ya Simba na Mufulira Wanderers wa Zambia, katika Kombe la Klabu Bingwa Afrika. Simba walifungwa nne bila nyumbani Dar es Salaam. Yanga wakacheka mpaka wakachoka. Katika mechi ya marudiano huko Zambia hakuna aliyetazamia kitu, na katika baraza letu watu waliokuja kusikiliza walikuwa wachache. Simba wakashinda tano bila. Kila bao lilipoingia, mlango mmoja wa jirani ulifunguliwa na mtu mmoja akatoka kuja kusikiliza, hata likaingia la tano mtaa umejaa. Raundi iliyofuata Simba walitolewa na Racca Rovers wa Nigeria, lakini hilo watu hawalikumbuki. Wanakumbuka tano.

Ya pili ilikuwa ya Taifa Stars huko Ndola, mwezi wa Agosti. Tuliwafunga Zambia moja bila Dar es Salaam, na tulihitaji sare tu kwenda Nigeria kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za 1980. Zambia wakatangulia kwa bao. Kipindi cha pili kikawa kirefu kama usiku wa mgonjwa. Dakika zikiwa zinakaribia kumalizika, Peter Tino akasawazisha. Mtangazaji alipiga kelele, na sisi hatukusikia tena alichosema, kwa sababu kelele zetu zilimshinda. Niliona wazee wenye mikongojo wakiirusha juu.

Vijana wa leo hawawezi kuipima furaha ile mpaka waambiwe kwamba baada ya hapo Tanzania haikufuzu tena fainali hizo hadi mwaka 2019. Miaka 39! Mtoto aliyezaliwa siku ya bao la Peter Tino alikuwa na ndevu, na pengine na mtoto wa sekondari, ndipo tukarudi.

1992: MATUTA

Hii nitaipitia haraka, maana wengi wenu mlikuwapo. Ni fainali nyengine ya klabu za Afrika Mashariki na Kati hapa hapa Zanzibar, na watani walikuwa wale wale. Dakika zilimalizika moja kwa moja, na Simba wakashinda kwa penalti tano kwa nne. Baba alikuwa ameshafariki. Ami, aliyekuwa mzee sasa, nilimpeleka mimi kiwanjani. Simba walipotangazwa mabingwa alisimama, akatazama upande waliokuwa wamekaa watu wa Yanga, kisha akakaa bila ya kushangilia. Nilimwuliza kulikoni. Akasema, "Hayupo wa kumpelekea chai."

1995: KOMBE LETU

Sasa tunafika kwenye mechi ambayo, lau ningeambiwa nichague moja tu, ningechagua hiyo.

Mwezi wa Oktoba 1995 Zanzibar ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Matokeo ya urais yaliyotangazwa yaliwatenga wagombea wawili wakubwa kwa chini ya nusu ya asilimia moja: 50.2 kwa 49.8. Sikusudii kufungua mjadala huo hapa, kwani gazeti hili ni la sote. Lakini aliyekuwapo anajua mji ulivyokuwa. Watu waliacha kuzikana. Harusi zilikosa wageni. Baraza ambalo miaka yote lilikuwa na birika moja la kahawa likawa na mabirika mawili, na kila moja na watu wake. Ndugu waliokula sahani moja utotoni walipishana njiani kila mmoja akitazama upande wake.

Katika hali hiyo timu yetu ilikwenda Uganda kucheza Kombe la Challenge mwishoni mwa mwaka ule. Hakuna aliyeitilia maanani. Miaka 46 ilikuwa imepita tangu tulipoingia mashindano hayo mwaka 1949, nasi tulizoea kurudi na sifa za kucheza vizuri. Wenyeji, Uganda, waliingiza timu mbili. Vijana wetu wakapita hatua baada ya hatua, na kila walipopita, maneno ya mpira yaliongezeka kidogo mtaani na maneno mengine yakapungua kidogo. Fainali ikawa na Uganda B, nyumbani kwao.

Zanzibar ikashinda moja bila.

Nilikuwa nimekaa kwenye baraza letu, upande wa birika moja. Upande gani si muhimu. Redio ilikuwa moja tu, ya mzee mwenye nyumba, na kwa ajili yake pande zote mbili zililazimika kukaa karibu. Kipenga cha mwisho kilipolia, palipita kimya kidogo, kama kwamba kila mtu anangoja kuona nani ataanza. Kisha mtu wa upande ule akamkumbatia mtu wa upande huu, na hapo hapakuwa tena na pande. Tulitoka barabarani kwa ngoma za debe na sufuria. Niliwaona kwa macho yangu watu wawili, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, waliokuwa hawajasemezana tangu Oktoba, wakiwa wamebebana migongoni kama watoto.

Sisemi kwamba mpira ulimaliza siasa. Haukumaliza. Mabirika mawili yalirudi baada ya muda, na Muafaka wa kwanza haukutiwa saini mpaka mwaka 1999, na mambo mazito zaidi yalifuata. Lakini kwa siku zile chache watu waliona kwamba inawezekana, na jambo lililoonekana mara moja haliwezi kukanwa. Ndugu wale wawili hawakuacha tena kusemezana.

Hilo la 1995 ndilo Kombe la Challenge la pekee ambalo Zanzibar imelichukua.

2017: MWAKA WA KUPEWA NA KUNYANG'ANYWA

Zanzibar si mwanachama wa FIFA, na hapo ndipo penye kidonda chetu cha siku zote. Mwaka 2006 timu yetu ilikwenda Hamburg, Ujerumani, kucheza mashindano ya nchi na visiwa visivyo katika FIFA. Tulifika fainali, tukatoka bila bila na Cyprus ya Kaskazini, tukashindwa kwa penalti. Dunia ilicheka kidogo, sisi tulicheza kwa dhati.

Tarehe 16 Machi 2017, mjini Addis Ababa, CAF iliikubali Zanzibar kuwa mwanachama wake kamili, wa 55. Mji ulifurahi sana. Miezi minne baadaye, Julai 21, katika mkutano wa Rabat, uanachama huo ukafutwa, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Hoja hiyo ina watetezi wake na wapinzani wake. Mimi naandika habari za mashabiki, na kwa shabiki ilikuwa sawa na mtoto aliyevishwa nguo ya Idi, kisha akavuliwa mbele za watu.

Disemba ile ile tukaenda Kenya kwenye Kombe la Challenge chini ya kocha Hemed Suleiman, anayejulikana kwa jina la Morocco, ambaye baadaye alikuja kuifundisha Taifa Stars. Tuliifunga Rwanda tatu moja. Tukakutana na ndugu zetu wa Bara: wakatangulia wao, tukasawazisha, tukaongeza, ikawa mbili moja. Tukatoka sare bila bila na Kenya. Tukafungwa na Libya moja bila. Katika nusu fainali, Kisumu, tukakutana na Uganda, waliokuwa wakilishika kombe, na tukawatoa mbili moja. Katika timu ile alikuwamo kijana Feisal Salum, ambaye baadaye alitia fora Yanga na Azam.

Fainali ilichezwa Machakos tarehe 17 Disemba. Mimi niliitazama kwenye televisheni iliyotolewa nje, pamoja na watu wasiohesabika. Kenya walifunga mapema mno, dakika ya tano. Tukatafuta bao muda wote, na zilipobaki dakika tatu tu, Khamis Mussa Makame akasawazisha. Katika dakika za nyongeza Masoud Juma akaifungia Kenya la pili, na kijana yule yule Khamis akalirudisha. Mbili mbili. Mzee mmoja karibu yangu aliondoka, akasema moyo wake hauna ruhusa ya daktari kutazama penalti.

Alifanya busara. Golikipa wa Kenya, Patrick Matasi, alizidaka penalti tatu, na Kenya ikashinda tatu kwa mbili.

Nimeona vilio vingi vya mpira, lakini sijaona kimya kama kile. Halafu mtu mmoja akaanza kupiga makofi taratibu, na wengine wakafuata, mpaka barabara yote ikawa inapiga makofi mbele ya televisheni, kwa timu iliyoshindwa. Timu iliporudi ilipokewa kama mabingwa. Mgeni asiyejua angedhani tumeleta kombe. Kwa maoni yangu watu hawakuwa wakishangilia nafasi ya pili. Walikuwa wakisema kwamba Julai tumeambiwa hatumo, na Disemba Afrika Mashariki nzima imetuona kwamba tumo.

MANENO YA MWISHO KWA VIJANA

Tangu hapo mengi yametokea. Kiwanja cha Amani kilijengwa upya na kufunguliwa Disemba 2023 kwa mechi ya Zanzibar na Bara iliyokwisha bila bila, na mwezi wa Agosti 2025 kikapokea mechi za mashindano ya CHAN. Januari 2025, kiwanjani Gombani, Pemba, Zanzibar iliifunga Burkina Faso mbili moja na kutwaa Kombe la Mapinduzi. Mechi hizo nawaachia nyinyi, maana shabiki kila mmoja ana zama zake.

Nina ombi moja tu kwa wanafunzi wa sasa wa skuli yetu. Za 2017 zimo kwenye simu zenu, mnaweza kuzitazama mtakapo. Za 1975, 1979 na 1995 zimo zaidi vifuani mwa watu kuliko penginepo, na vifua hivyo kila mwaka vinapungua. Waliocheza Kampala wapo mitaani mwenu: mmoja atakuwa anauza duka, mwengine anafundisha watoto kiwanjani bila ya malipo, mwengine mnampita msikitini bila ya kumjua. Nendeni na daftari na kalamu. Waulizeni nani alimpa nani pasi, kiwanja kilikuwaje, usiku ule walilala wapi na walikula nini. Waulizeni pia walipofika nyumbani waliwakuta majirani zao wakiwa katika hali gani. Kisha yaleteni kwa Mhariri, ayachape katika toleo lijalo, nasi wazee tutayasoma tukisahihisha kwa kelele, kama ilivyo desturi yetu.